Krediti, buletini na shifti ya usiku: shajara ya mradi wa wanafunzi waliochelewa

Agosti 2023, kabla ya shule kufunguliwa

Kaunsela amenikabidhi orodha. Ni wanafunzi wa shule yetu ya sekondari, Texas kaskazini, ambao kwa kalenda wanatakiwa kuhitimu Mei 2024 lakini krediti zao hazifiki. Wengi ni watoto wa familia za Kikongo zilizopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania), Kakuma (Kenya), Nakivale (Uganda) au Dzaleka (Malawi) kabla ya kuletwa Marekani. Ndiyo maana nimeingizwa kwenye mradi. Kazi yangu shuleni ni kuunganisha walimu na wazazi, na Kiswahili changu cha Kigoma kinasikilizana bila shida na cha Uvira na Fizi, mashariki mwa Kongo.

Majina yao siyaandiki humu. Nitawaita kwa majina ya utani tuliyokubaliana: Dereva, Msusi, Kaka Mkubwa. Wengine nitawagusia tu.

Kwa wasomaji wa nyumbani, mambo yanakwenda hivi. Hapa hakuna mtihani mmoja wa kidato cha nne unaoamua kila kitu. Mwanafunzi anakusanya krediti kuanzia darasa la 9 hadi la 12. Kozi ya mwaka mzima ni krediti 1, ya muhula mmoja ni nusu, na alama ya kupita ni 70. Mpango wa msingi wa Texas unadai krediti 22: Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, lugha ya pili 2, sanaa 1, michezo 1, na za hiari 5. Kila mtoto anayeingia darasa la 9 anaandikishwa kwenye mpango mpana zaidi, wa krediti 26, wenye mchepuo. Juu ya hayo iko mitihani mitano ya jimbo: Aljebra ya kwanza, Bayolojia, Historia ya Marekani, Kiingereza cha kwanza na cha pili.

Jambo moja ambalo wazazi wetu hawaambiwi, au wanaambiwa kwenye karatasi ya Kiingereza yenye kurasa nyingi: baada ya darasa la 10, mzazi anaweza kutia sahihi mtoto aachie mchepuo na kubaki na 22. Si la kulikimbilia. Anayeshuka anapoteza nafasi ya kuingia moja kwa moja vyuo vikuu vya serikali ya jimbo, ile wanayopewa wanaoongoza darasani. Lakini kijana wa miaka 18 anayeingia darasa la 12 akiwa na krediti 13 na nusu, hizo nne za tofauti ni nusu ya mwaka wake.

Huyo wa 13 na nusu ndiye Dereva. Tunaanza naye.

Septemba, wiki ya kwanza

Nimekwenda kwa akina Dereva jioni, baba yake akiwa ametoka kazini. Nilichokuwa natafuta ni karatasi tu. Mama alitoa mfuko wa plastiki wenye kila kitu cha familia: vyeti vya chanjo, barua za UNHCR, picha za pasipoti zilizobaki, na chini kabisa buletini tatu za shule, yaani ripoti za alama za Kongo, zimekunjwa mara nne, mhuri wa bluu umefifia lakini unasomeka.

Kambi ya Nyarugusu iko Tanzania, wilaya ya Kasulu, lakini watoto wa Kikongo kule husoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Dereva alimaliza mwaka wa tatu wa sekondari kabla ya safari. Kwa hesabu ya hapa huo ni mwaka wa darasa la 9, umekwisha, umefaulu. Alipofika, aliandikishwa darasa la 9 upya, na zile buletini hakuna aliyeziomba. Mama akaniuliza kama bado zina kazi. Nikamwambia zina kazi kubwa.

Shida ya pili ni alama zenyewe. Kwenye mfumo wa Kongo, kufaulu ni asilimia 50. Mwanafunzi mzuri tu anaweza kubeba 58 au 61 na mwalimu akamsifu. Msajili wa Marekani aliyezoea 70 akiona 58 anaandika F, yaani ameanguka, bila kufikiri mara mbili. Kwa hiyo hatukupeleka buletini peke yake. Tumeambatisha tafsiri, maelezo ya kiwango cha kufaulu, na orodha ya mada zilizofundishwa kila somo. Sheria ya Texas inaipa wilaya ya shule, yaani mamlaka inayosimamia shule za eneo, uhuru wa kuthibitisha masomo ya nje kwa njia mbalimbali, ikiwemo kumpa mwanafunzi mtihani au kupitia kazi zake, kwa hiyo mlango upo. Unahitaji mtu wa kuugonga.

Septemba, mwishoni

Jibu limekuja kutoka wilayani. Dereva amepewa krediti 4: Bayolojia, Jiografia ya Dunia, na Kifaransa krediti 2. Kifaransa hicho kimemaliza deni lote la lugha ya pili. Sasa ana 17 na nusu.

Tahadhari kwa yeyote anayefanya kazi hii: krediti ya Bayolojia imekubaliwa, lakini mtihani wa jimbo wa Bayolojia bado anadaiwa. Hivyo ni vitu viwili. Nimewaona wazazi wakisherehekea krediti halafu Mei wanaambiwa mtoto bado.

Nimeomba ofisi ya usajili ipitie tena mafaili ya wote waliotoka nje, si ya wa orodha yetu tu. Wa Kakuma wana vyeti vya mtaala wa Kenya, wa Nakivale vya Uganda. Hivyo vinasomeka kirahisi zaidi kwa kuwa viko kwa Kiingereza. Kwenye mafaili hayo utaona kitu kingine: tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, ukurasa baada ya ukurasa. Ni tarehe wanazoandikiwa watu wasio na cheti. Mtoto mmoja anaweza kuwa na miaka 16 ya kweli na 18 ya makaratasi, au kinyume chake, na umri huo wa makaratasi ndio unaoamua anawekwa darasa la ngapi.

Oktoba

Mahudhurio. Hapa ndipo penye kidonda.

Sheria ya Texas inataka mwanafunzi awepo angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo linafundishwa, la sivyo hapati krediti hata kama amefaulu. Dereva mwaka jana alipata 74 katika muhula wa pili wa Kiingereza cha tatu. Amepita. Nusu krediti haikuandikwa, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kipindi cha kwanza na yeye alikuwa anachelewa karibu kila siku.

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu akicheka kidogo: "Mwalimu, mi napeleka baba ku kazi, narudi nachukua mama, alafu batoto ku masomo yabo. Nikifika hapa banashafunga mulango."

Ndiye pekee nyumbani mwenye leseni ya udereva. Mji huu hauna daladala. Ukikosa gari umekwama. Barua za utoro zilikuwa zinatumwa nyumbani kwa Kiingereza, na aliyekuwa anazisoma na kuwatafsiria wazazi ni yeye mwenyewe. Unaweza kufikiria alivyokuwa anazitafsiri.

Hatua tulizochukua ni mbili. Kwanza, aliyehudhuria kati ya asilimia 75 na 90 anaweza kurudishiwa krediti kwa mpango ulioidhinishwa na mkuu wa shule. Tumemwandikia mpango: Jumamosi, chini ya mwalimu wake wa Kiingereza, kazi halisi za kozi ile. Pili, na hili ndilo lenye nguvu, kaunsela amehamisha ratiba yake. Kipindi cha kwanza sasa ni sanaa, mwalimu wake anakubali kumpokea akichelewa kidogo na kumfidia muda huo mchana. Kiingereza cha nne kimesogezwa baada ya chakula cha mchana.

Walimu wawili hawakupenda. Wanasema tunamfundisha kijana kwamba dunia itamngoja. Mimi naona kijana huyu anaamka kabla yetu sote na kufikisha watu watano mahali wanapotakiwa kuwa. Nidhamu anayo tayari.

Watu wa Chicago waliliona jambo la mahudhurio zamani. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walichapisha kipimo chepesi cha mwanafunzi wa darasa la 9: amalize mwaka akiwa na krediti zisizopungua 5 na asiwe na zaidi ya F moja ya muhula katika masomo ya msingi. Aliyetimiza hayo alikuwa na uwezekano mara tatu na nusu zaidi wa kuhitimu kwa miaka minne kuliko asiyetimiza. Na kilichotabiri nani ataanguka kilikuwa mahudhurio yake ndani ya mwaka huo kuliko alama alizokuja nazo kutoka darasa la 8. Nimelibandika kwenye chumba cha walimu. Mjadala wa "hawa Kiingereza chao ni kidogo, hawatafika" umepungua kidogo. Kidogo.

Oktoba, katikati: darasa la 9

Kwa kuwa tumeshataja Chicago: shule za umma kule zilianza kuwafuatilia watoto wa darasa la 9 wiki kwa wiki, na waliotimiza kipimo hicho walipanda kutoka asilimia 57 mwaka 2007 hadi 82 mwaka 2013. Hakukuwa na mtambo wa ajabu. Walimu walikaa na orodha ya majina kabla muhula haujaisha, wakiwa bado na muda wa kufanya kitu.

Nasi tumeanza kikao cha Jumanne. Ni kifupi na kina sharti moja: kila jina linaondoka mezani likiwa na mtu mzima mmoja anayelibeba. Si "walimu wa Kiingereza watafuatilia". Ni fulani, na Jumanne ijayo tunamuuliza yeye. Binti mmoja wa darasa la 9 alikuwa anaanguka Aljebra. Mwalimu wa michezo akajitolea kumbeba. Kumbe shida yake ilikuwa hajui kwamba kazi ambazo hakuzifanya zinaweza kupokelewa zikichelewa. Ziliingia, F ikaondoka. Kazi ya siku mbili tatu. Mtoto huyo akifika darasa la 12 hatahitaji mradi wangu.

Novemba

Kozi za marudio kwenye kompyuta. Nilijua tutafika hapa.

Shule nyingi za Marekani zinatumia programu hizi kurudisha krediti. Mwanafunzi aliyeanguka anakaa mbele ya skrini, anapitia somo kwa somo, anajibu maswali ya kuchagua, mwisho krediti inaingia. Kwa shule ni rahisi: chumba kimoja, mwangalizi mmoja, watoto thelathini, kila mmoja na kozi yake.

Wiki hii nilikaa pembeni ya Msusi akifanya Aljebra. Yeye ana miaka 19 ya makaratasi, amekulia Kakuma, anasuka nywele wikendi na ndiye anayelipa bili ya simu ya nyumba nzima. Aliruka video. Akafungua maswali, akanakili swali, akalibandika kwenye dirisha la pili, akapata jibu, akabofya. Alipata 90 kwenye somo la mteremko wa mstari. Nikachora mistari miwili kwenye daftari langu, mmoja umelala, mmoja umesimama zaidi, nikamuuliza upi una mteremko mkubwa. Akanitazama. "Ticha, hiyo haikuwa kwa test."

Simlaumu. Amefanya alichoombwa kufanya. Lakini Desemba ana mtihani wa jimbo wa Aljebra, na kule hakuna dirisha la pili.

Tumekubaliana na kaunsela, baada ya mabishano, kwamba Aljebra na Kiingereza havitarudiwa kwenye kompyuta bila mwalimu wa somo kuwemo chumbani. Maarifa ya jamii na za hiari, sawa, kwa masharti kwamba mtihani wa mwisho unafanyika kwa karatasi. Mkuu wa shule ametupa mwalimu wa hisabati kwa vipindi viwili kwa wiki. Si vingi. Msusi ameanza upya na grafu, kwa penseli. Anauliza maswali mengi sasa, mengine ya kuchosha, na hiyo ni dalili nzuri.

Desemba

Mtihani wa Kiswahili! Hili nimelingoja tangu Agosti.

Deni la lugha ya pili ni krediti 2, na wilaya inaruhusu kulilipa kwa mtihani. Ipo mitihani ya lugha ya kimataifa inayopima Kiswahili kwa kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Watoto hawa wamekaa miaka miwili, mitatu, wakisukumwa kwenye Kihispania cha kwanza kama lugha ya tatu au ya nne, wakati wanayo ya kwao mdomoni. Hakuna aliyewauliza.

Ajabu ni kwamba walioogopa ni wenyewe. "Kiswahili chetu ni cha Kongo, Mwalimu. Batasema tunakosea." Nilisikia hivyo mara nyingi sana mpaka nikaanzisha mazoezi ya Jumatano baada ya masomo. Msusi alikuwa mwepesi. Kenya walimfundisha ngeli mpaka anaota ngeli. Wa Nyarugusu walikuwa na maneno mengi na ufasaha wa kusimulia, lakini kuandika kuliwasumbua, kwani shuleni waliandika Kifaransa. Nikawapa kazi ya kuandika barua kwa bibi aliyebaki kambini: mweleze chakula cha mchana cha shule, mweleze baridi ya hapa. Kijana mmoja, mchekeshaji, aliandika kuhusu pizza ya kantini kana kwamba anaripoti ajali barabarani. Tukacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini.

Sikuwasahihisha "batoto" wakizungumza. Kwenye kuandika tuliangalia upatanisho, herufi kubwa, na kumaliza wazo kabla ya kuanza jingine. Mtihani unapima kama mtu anaeleweka na anaweza kueleza jambo kwa kina. Haupimi kama umezaliwa Unguja.

Mwezi huohuo umekuwa wa mitihani ya jimbo. Kwa waliowahi kuanguka, Desemba ni nafasi ya kurudia kabla ya ile ya majira ya machipuko.

Januari 2024

Majibu. Wote waliofanya Kiswahili wamepata krediti zao za lugha. Msusi ameshinda Aljebra. Kiingereza cha pili ameanguka, kwa tofauti ndogo. Dereva amepita Bayolojia, nusu krediti ya Kiingereza cha tatu imerudishwa, ana 18. Baba yake ametia sahihi fomu ya kuachia mchepuo baada ya kumweleza faida na hasara kwa lugha anayoielewa, na alichukua siku kadhaa kufikiri, jambo ambalo lilinifurahisha kuliko kama angetia sahihi palepale. Zilizobaki ni Kiingereza cha nne, hisabati moja, sanaa, na serikali pamoja na uchumi. Zote ziko kwenye ratiba yake.

Sasa Kaka Mkubwa.

Ana miaka 18, krediti 9. Baba yake hakuja nao Marekani. Mama anaumwa mgongo, wadogo ni wanne. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, anaingia saa nne usiku, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anaoga, anakuja shule. Walimu wamemzoea amelala vipindi vya asubuhi. "Niko natumika usiku, Mwalimu, nalalaka kidogo tu," ndivyo alivyoniambia, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchafua sakafu.

Kwa namna yoyote ya kuhesabu hatahitimu Mei. Kikaoni pakatolewa pendekezo kwamba ahamishiwe kwenye programu ya kujiandaa na GED, ule mtihani wa kulinganisha na sekondari, "ili aendelee na maisha". Limesemwa kwa upole. Lakini wote mezani tunajua kuna hesabu nyingine chini yake.

Tangu kanuni za serikali kuu za 2008, kila shule inapimwa kwa kiwango cha kuhitimu cha miaka minne: walioingia darasa la 9 pamoja, ongeza waliohamia, toa waliohamia shule nyingine au nje ya nchi, halafu angalia wangapi wamepata diploma ndani ya miaka minne. Kwa sheria ya 2015, sekondari ambayo theluthi moja au zaidi ya wanafunzi wake hawahitimu inawekwa kwenye orodha ya shule za kusaidiwa, na hakuna mkuu anayetaka kuwa humo. Mtoto anayehitimu mwaka wa tano, kwenye kipimo cha miaka minne, anahesabika sawasawa na aliyeacha shule. Majimbo yanaruhusiwa kuripoti pia kiwango cha miaka mitano, na Texas inafanya hivyo, lakini namba inayotajwa magazetini ni ya miaka minne.

Sipingi kipimo. Kabla yake shule zilihesabu zilivyotaka, na watoto walipotea bila kuonekana. Kipimo hicho ndicho kilichomfanya mkuu wa shule anipe chumba, mwalimu wa hisabati na muda wa kaunsela. Ila kwa kijana aliyefika nchini akiwa na miaka 16, hajui Kiingereza, akawekewa saa inayohesabu miaka minne kama ya mtoto aliyezaliwa mtaa wa pili, mwaka wa tano si kushindwa. Sheria ya Texas inampa haki ya kusoma bure akiwa hajatimiza miaka 21 ifikapo tarehe 1 Septemba, na wilaya inaweza kumpokea hadi kabla ya 26. Haki hiyo ipo kwa ajili ya watu kama yeye.

Nilisema hivyo kikaoni, kwa maneno machache kuliko haya. Mkuu wa shule alikaa kimya, kisha akauliza krediti ngapi anaweza kupata kufikia Juni kama tukipanga vizuri. Kaunsela akapiga hesabu: 5. Atakuwa na 14. Mwaka wa tano amalize 8. Basi, iwe hivyo.

Ratiba yake mpya inaanza katikati ya asubuhi. Analala kidogo kabla ya kuja. Meneja wa ghala, tulipompigia, alikubali kumpunguzia usiku mmoja kwa wiki, sikutegemea hilo.

Machi

Mwezi wa fomu. Texas inamtaka kila anayehitimu awe amejaza ombi la msaada wa fedha za chuo, FAFSA au mwenzake wa jimbo, au mzazi atie sahihi ya kujitoa. Fomu ya kujitoa ni ukurasa mmoja, FAFSA ni safari, na mwaka huu imebadilishwa umbo na imechelewa kufunguliwa, kwa hiyo kila mtu amechanganyikiwa. Familia kadhaa zilikuwa tayari kujitoa ili tu kumaliza usumbufu. Nimewazuia. Mkimbizi ana haki ya msaada wa serikali kuu kama raia, na wengi hawakujua.

Dereva anaendelea vizuri. Aprili mdogo wake anafanya jaribio la leseni, na hilo litasaidia kuliko mpango wowote tulioandika sisi.

Mei

Kamati ya Msusi imeketi leo. Tangu 2015, mwanafunzi wa Texas aliyefaulu kozi zote lakini akaanguka mitihani ya jimbo isiyozidi miwili anaweza kuhitimu kwa uamuzi wa kamati maalumu: mkuu wa shule au mwakilishi wake, mwalimu wa kozi, mkuu wa idara, na mzazi au mwanafunzi mwenyewe. Lazima wakubaliane wote. Akatae mmoja, basi. Kabla ya hapo mwanafunzi anamaliza masomo ya kujazia na anatoa mradi au mkusanyo wa kazi zake.

Tulianza maandalizi Februari. Msusi aliandika mkusanyo wa Kiingereza, na insha yenye nguvu zaidi ilikuwa ya maelekezo: namna ya kusuka nywele za mteja mwenye kichwa kinachouma, hatua kwa hatua, kwa nini uanzie kisogoni, lini umwambie ukweli kwamba mtindo anaoutaka hautamfaa. Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya kamati. Mkuu wa idara, mtu mgumu, alimuuliza kwa nini ametumia sentensi fupi katika aya ya tatu. Msusi akajibu: "Because there she is in pain. You don't talk long to somebody in pain." Yaani, hapo mteja anaumia, na mtu anayeumia huongei naye marefu.

Mama yake alikuwepo. Aliletewa karatasi ya kutia sahihi, akanigeukia: "Nimetia sahihi ku makaratasi mingi tangu tufike. Hii inasema nini?" Nikamsomea neno kwa neno, kamati ikingoja. Akasaini kwa herufi kubwa, taratibu, akaomba nakala. Kura zote zilikuwa za ndiyo.

Juni 2024

Hali ilivyo baada ya mahafali.

Dereva amehitimu na krediti 22 kamili, na ameandikishwa chuo cha jamii, cheti cha ufundi wa magari makubwa. Msusi amehitimu, anataka leseni ya vipodozi na nywele ya jimbo, na FAFSA yake imepita. Zaidi ya nusu ya majina ya orodha ya Agosti wamevaa joho. Familia mbili zimehamia Iowa katikati ya mwaka kufuata kazi ya kiwanda cha nyama. Nimetuma mafaili kwa shule mpya pamoja na tafsiri za buletini, ili wasianze tena sifuri. Kijana mmoja ameacha, amekwenda kwa mjomba wake mji mwingine na hapokei simu. Namba yake bado ninayo na nitaipiga tena Agosti.

Kaka Mkubwa amemaliza na 14. Somo aliloongoza ni Historia ya Marekani, na mtihani wake wa jimbo ameupita mara ya kwanza.

Kazi za Julai: wanaorudia mitihani ya jimbo wiki hii majibu yao yafuatiliwe, ofisi ya usajili iweke swali la "shule ulizosoma kabla ya Marekani, na karatasi unazo?" kwenye fomu ya kwanza kabisa, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda, barua za utoro zitafsiriwe na zitumwe kwa ujumbe wa sauti, kwani si kila mzazi anasoma, mazoezi ya Kiswahili yafunguliwe kwa wa darasa la 10, wasingoje la 12. Mwalimu wa hisabati ameombwa kwa vipindi vinne badala ya viwili. Mkuu wa shule amesema ataangalia bajeti.